Often: t itamkwe au imezwe?

Mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti saa nne usiku. Keshokutwa yake alikuwa na usaili wa kazi katika kampuni moja ya utalii Arusha, Kiingereza mwanzo mwisho, na alikuwa amebishana na mwenzake wa chumbani mpaka wakanuniana.

"Shikamoo mjomba. Samahani kukusumbua usiku huu. Hivi *often* inatamkwaje? Mwenzangu anasema t haisomwi, ananicheka kweli. Mimi tangu shule ya msingi nimeitamka. Nisije nikaaibika mbele za watu."

"Marahaba," nikamwandikia. "Wote wawili mko sawa. Laleni."

Jibu hilo ni la kweli, ila halimsaidii mtu mwenye usaili. Anayenunua kitenge haambiwi kwamba vyote ni vizuri. Anaonyeshwa hiki kinachuja, hiki hakichuji lakini ni kizito, halafu anaachiwa achague. Kesho yake nilimpigia tukaviweka vitenge vyote viwili mezani. Haya ndiyo tuliyozungumza, pamoja na machache niliyoyakumbuka baada ya kukata simu.

Zinavyosikika

Ya kwanza tuiite t bubu. Neno linakuwa *o-fn*. Ni silabi mbili, na katikati ya f na n hakuna e wala i. Wengi wetu hujikwaa hapo, tukatafuta irabu ya kupachika, tukaishia kwenye "ofen". Kumbe Kiswahili kimeshatupa dawa. Sema *nne*. Sema *nchi*. Ile n ya mwanzo haina irabu, imesimama peke yake na ni silabi kamili. Mgeni akifika hapa hutokwa jasho kwa n hiyo, na kwa m ya Mtwara, mpaka aongeze irabu mbele au nyuma. Sisi tunayo bure. Ichukue n ya *nne* kama ilivyo uipachike baada ya f: o-fn. Rudia mara kumi ukiwa unaosha vyombo, inakaa.

Ya pili ni t inayosikika: *of-tn*. Wengi wa kwetu huitamka *of-ten*, na e kamili kama ya "tena". Wanaeleweka bila shida, ingawa Mwingereza anayeitamka t huifinya ile e mpaka inakaribia kutoweka.

Kuhusu mkazo, zote mbili zinalingana, nasi tuna bahati. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno la silabi mbili likifuata desturi hiyo uzito unaangukia silabi ya kwanza, palepale Kiingereza kinapoutaka. Bahati hiyo inapotea pale mtu anapoongeza i mwishoni, kwa sababu ulimi wetu haupendi neno kuishia na konsonanti. "Ofteni" ina silabi tatu, na mkazo unahama: of-TE-ni. Mgeni anayesikia of-TE-ni anaweza asijue umesema nini kabisa. Kwa hiyo kabla ya kugombania t, hakikisha kwanza hakuna i mkiani. Hilo ndilo kosa, na linakupata hata kama t umeimeza.

Irabu ya kwanza haina maneno mengi. Waingereza wa leo wana o fupi inayokaribiana na yetu. Wamarekani wengi huifungua zaidi, ikaelekea kwenye a ndefu. Tumia o yako.

T ilikwenda wapi, ikarudije

Hapa ndipo mpwa wangu aliposema "mjomba, sina mtihani wa historia." Nikamwambia asikilize tu, maana bila historia hii atabaki kuamini kwamba t ni ujinga wa darasani kwao.

T hiyo iliwahi kutamkwa. Neno la zamani kabisa lilikuwa *oft*, na t yake ilisikika kama t nyingine yoyote; mkia wa *-en* uliongezwa baadaye, katika enzi za kati. Mkia huo ndio ulioleta msongamano. F, t na n zikabanana mahali pamoja, na konsonanti tatu zikibanana, ya katikati ndiyo huumia, kama abiria wa katikati bodaboda inapopakia mishikaki. Kuanzia karne ya 15 hivi, Kiingereza kilianza kudondosha sauti za namna hiyo katika maneno mengi: d ikazimika katika *handsome*, p katika *raspberry*, t katika *chestnut*, *listen*, *fasten*, *soften*, *castle*, *whistle*, na katika *often*. Maandishi hayakufuata. Herufi zikabaki kwenye karatasi kama viatu vya mtu aliyekwisha hama.

Kufikia 1791, John Walker alipotoa kamusi yake ya matamshi mjini London, aliandika waziwazi kwamba t ya *often* ni bubu. Na mwaka 1879 Gilbert na Sullivan walionyesha opera yao ya kuchekesha kuhusu maharamia wa Penzance, ambamo kuna utani mrefu uliosimama juu ya neno hili: jenerali anasema *orphan*, yaani yatima, mkuu wa maharamia anasikia *often*, wanabishana wee. Utani huo unafanya kazi tu kama maneno hayo mawili yanatamkwa sawasawa. Weka t, ukumbi mzima utabaki umenyamaza.

Basi t ilirudije? Kwa mlango wa shule. Mwaka 1870 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya elimu ya msingi, na mwaka 1880 mahudhurio yakawa ya lazima. Watoto wengi waliokuwa hawajawahi kushika kitabu wakaanza kukutana na maneno kwa macho. Mtoto anaona t, anaitamka, nani atamlaumu? Kusoma namna hiyo kulibadili maneno kadhaa. *Forehead*, paji la uso, lilikuwa likitamkwa "forid". Siku hizi wengi wanasema "for-hed", kama lilivyoandikwa. T ya *often* ilirudi kwa njia hiyohiyo, polepole, huku wenye neno lao wakinung'unika. Mwaka 1926 Henry Fowler, mtunga kamusi aliyekuwa na ulimi mkali, aliandika kwamba wanaoitamka t ni makundi mawili: wasomi wanaojitia kutamka kwa usahihi kuliko jirani zao, na watu wasiojiamini kielimu wanaotaka kuonyesha kwamba wanajua tahajia.

Maneno hayo yaliniuma nilipoyasoma mara ya kwanza, kwa sababu kundi la pili ni mimi. Ni sisi sote tuliojifunza Kiingereza ubaoni.

Linganisha na wazee wetu. Wao walichukua maneno ya Kiingereza kwa sikio. Kabati limetoka kwenye *cupboard*, neno lenye p katikati. Mzee hakuisikia p, hakuibeba. Risiti unayodai dukani imetoka kwenye *receipt*, nayo ina p ambayo Waswahili hawakuihangaikia. Krismasi imetoka kwenye *Christmas*, na t yake iliachwa bandarini. Hakuna aliyewafundisha somo la herufi bubu. Walisikiliza, wakaleta walichosikia. Sisi wajukuu tukaletewa maneno kwa chaki. Na tulikwenda darasani tukiwa na desturi ya Kiswahili, ambayo ni desturi nzuri sana: kila kilichoandikwa kinasomwa. Ukijua kusoma "ofisi", umejua kusoma "askofu" na "Kilimanjaro". Mtoto mwenye desturi hiyo akipewa *often* atasema of-ten, kama alivyosema mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani kule Manchester baada ya 1870.

Kwa hiyo t bubu ni matamshi ya aliyelipata neno kwa sikio, na t inayosikika ni ya aliyelipata kwa jicho. Zote zina wenyewe. Kamusi kubwa za Kiingereza za leo zinaorodhesha zote mbili, na kwa kawaida isiyo na t ndiyo inayotangulia. Hata wazawa wa lugha hiyo wamegawanyika, ingawa walio wengi bado wanaimeza.

Nani anakusikiliza?

Hapa uchaguzi unaanza kuwa na maana, kwa sababu msikilizaji mmoja si sawa na mwingine.

Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, hana cha kuchagua. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza inapima stadi za kuzungumza kwa njia ya maandishi, na herufi bubu ni miongoni mwa mambo yanayoulizwa. Ukikutana na *often* katika swali la namna hiyo, jibu linalotarajiwa ni t. Usianze kumweleza msahihishaji habari za sheria ya 1870.

Anayekwenda kufanya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, anaweza kupumua. Mahojiano yake ni ya dakika 11 hadi 14, na matamshi ni robo ya alama za sehemu hiyo, lakini mtahini hakai na orodha ya t zilizotamkwa na zilizomezwa. Anasikiliza kama unaeleweka, kama mkazo uko mahali pake, kama maneno yanatiririka. *Often* ya namna yoyote kati ya hizi mbili inapita. "Ofteni" ndiyo itakayomfanya akunje uso.

Simu ni habari nyingine, na hapa mimi naegemea upande wa t. Simu ya kawaida, ile ya laini, imezoea kupitisha mawimbi ya sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Sauti kama f na s zina sehemu kubwa ya nguvu yake juu ya hapo, ndiyo maana mtu akikutajia jina lake kwenye simu unamuuliza "f ya Fatuma au s ya Saidi?" Sasa ondoa f kwenye *o-fn* uone kinachobaki: kitu kinachofanana na *on*. T inatoa mshindo mdogo unaolishikilia neno. Kama kazi yako ni kupokea simu za wateja siku nzima, t si mzigo.

Halafu kuna sisi kwa sisi. Mganda, Mkenya na Mtanzania wakizungumza Kiingereza chao mezani, wengi wao watatamka *oven*, lile jiko la kuokea, kwa o ileile waliyoiona kwenye maandishi. Mwingereza ana a fupi pale, kitu kama "avn", kwa hiyo kwake *often* na *oven* haziko hata jirani. Kwetu tofauti yote inabaki kwenye f na v. Ukimeza t mbele ya mama anayeuza keki Kariakoo, ukamwambia unaoka *ofn*, atadhani unazungumzia jiko. T inaondoa utata huo mara moja, na ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba wanaoitamka hapa kwetu wamekosea. Wanaitumia.

Kuna na suala la maringo, ambalo walimu hawapendi kulizungumza. Mtu aliyesema of-ten miaka yote, akirudi kutoka safari ya wiki mbili na o-fn mdomoni, atasikika. Nairobi wana neno lao kwa hilo, *tweng*. Huku kwetu wataguna tu kwamba huyo sasa anatema ung'eng'e. Uzito wa mguno huo unaujua wewe na watu wako.

Usivuke mpaka

Tahadhari moja kubwa, na hii nilimrudia mpwa wangu mara mbili. Ruhusa ya kutamka t ni ya *often* pekee. Hata wale wanaosema of-tn hawasemi t katika *listen*, wala *fasten*, wala *castle*. Na *soften*, ambayo inafanana na *often* kama pacha, t yake kwa kawaida hubaki bubu. Haina mantiki, najua. Ukitaka mantiki, t bubu ndiyo inayokupa: unameza katika familia nzima na huna haja ya kukumbuka nani amesamehewa.

Wala usiipeleke ruhusa hiyo kwa *debt* na *receipt*. B ya *debt* haikuwahi kutamkwa katika Kiingereza. Waingereza walilipokea neno kutoka Kifaransa likiwa halina b, kisha wasomi wakaichomeka ili lionekane linafanana na Kilatini. P ya *receipt* ni hivyohivyo, na s ya *island* iliingizwa kwa kudhani neno lina undugu na *isle*. Hizo ni herufi za mapambo. T ya *often* ilikuwa na sauti, ikaipoteza, ikairudia. Ndiyo maana mtu akisema *debt* yenye b anaonekana amekosea, na akisema *often* yenye t anaonekana amechagua.

Mimi ningechukua ipi

Kama ndiyo kwanza unaanza Kiingereza, au unamfundisha mtoto, chukua t bubu. Sababu yangu si Fowler. Sababu ni kwamba hakuna mzawa wa Kiingereza atakayekukosoa kwa kuimeza, na wapo, japo wachache na wazee, watakaokukosoa kwa kuitamka. Pia inakufundisha kusikiliza kabla ya kusoma, na hilo litakufaa kwenye *Wednesday*, kwenye *comfortable*, kwenye maneno mamia ambayo maandishi yake yanadanganya.

Lakini kama una miaka thelathini na t imeota mizizi, iache. Nimewaona watu wazima wanaojirekebisha katikati ya sentensi: wanasema of-ten, wanasita, wanarudi o-fn, na msikilizaji ambaye hakuwa amegundua lolote sasa anagundua. Kusita huko kunaharibu mazungumzo kuliko herufi yoyote. Mimi mwenyewe darasani nasema o-fn. Nyumbani, nikimuuliza mwanangu kwa hasira ni mara ngapi nimemwambia azime taa, *how often*, t inarudi yenyewe kwa kishindo, kwa sababu hasira inataka kitu cha kugonga.

Wengine huchukua njia ya tatu, ya kulikwepa neno. Wanasema *usually*, wanasema *many times*, wanazunguka. Inawezekana kwa muda. Ila huwezi kuongoza watalii bila kuulizwa mvua hunyesha mara ngapi, simba huonekana mara ngapi, na ukijibu itabidi na wewe uulize.

Mpwa wangu alichagua t bubu, kwa sababu moja tu: n ya *nne* ilimfurahisha. Siku nzima ile, aliniambia, alikuwa jikoni akihesabu tatu, nne, o-fn.

Usaili ulichukua nusu saa. Aliyemhoji alikuwa Mdachi, na ndiye aliyelitaja neno kwanza. *How often*, akauliza, tena t imenyooka kama msumari, umewahi kupanda mlima? Naye akajibu kwa o-fn, bila kusita. Hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Mwenzake wa chumbani, alipohadithiwa, alisema Mdachi naye hajui Kiingereza.